Majora ya Mjane wa Makutano

Nilikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la nguo pale Makutano, Meru, miaka ya baada ya uhuru. Mwenye duka na mkewe walikuwa Wahindi wa dini ya Kijaini, watu ambao hawali nyama, na hata kiazi hawakigusi, kwa kuwa kukichimba huua mmea mzima. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa yeyote kati yetu, lakini tulielewana.

Mzee alikuwa mpole, ila hofu ilikuwa imemkaa. Aliona Wahindi wenzake wakifunga maduka na kuondoka nchini na sanduku mkononi, naye akaapa kwamba hatakosa kitu. Akajaza stoo ya nyuma majora ya vitambaa mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri, akapiga kufuli na kuvaa ufunguo shingoni. Mzazi akija kuulizia kitambaa cha sare za shule, mzee alimwambia, "Imeisha." Nami nikiwa pale pale, nikijua kilichomo ndani.

Alipofariki, mjane wake aliniita tufungue stoo pamoja. Harufu ya unyevu ilitupokea mlangoni. Nilipovuta jora la kaki, lilichanika mikononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Nondo walikuwa wamekula vitambaa vyote vya sufu vya upande wa ukutani. Mama yule alikaa juu ya kreti, akaokota kipande cha ile kaki.

"Haya yote hatukuwa nayo," akasema. "Tulikuwa tunayalinda tu."

Wiki hiyo aliweka nadhiri. Alinieleza kwamba katika dini yao kuna neno, aparigraha, na kwamba hata majirani zake wa Kihindu wanalo: kutoshikilia vitu kupita haja yako. Mtu hujiwekea mpaka mwenyewe. Yeye aliweka wake: chumba kimoja, kitanda, sari chache nyeupe, vyombo vya kupikia. Vingine vyote vitoke.

Nilimuuliza kama hiyo ni sadaka, kama ile yetu ya kanisani.

"Ukitoa sadaka unaweza kukaa ukingoja asante," akajibu. "Mimi sitaki asante. Nataka mkono wangu ufunguke."

Tukaanza kuchambua vilivyo vizima. Shuka zikaenda hospitali, vitambaa vya sare vikapakiwa kwenda shule za upande wa Mikinduri. Habari zikamfikia mwanawe Nairobi, akaja mbio, koti na tai.

"Mama, watu watasema tumefilisika!"

"Waseme."

"Na wajukuu wako je?"

"Wajukuu wangu wana mikono."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, umemwambia nini mama yangu?"

"Huyu ananisaidia kubeba," mama akamkatiza. "Ukitaka kusaidia, shika upande ule mwingine."

Yule kijana akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akashika jora.

Siku ya mwisho mama aliniambia nichukue ninachohitaji. Kusema kweli nilikuwa nimeshajitengea rundo kubwa pembeni. Lile neno "unachohitaji" lilinichoma. Nilichukua kitambaa cha maua cha kutosha magauni ya binti zangu, majora mengine nikayapandisha kwenye lori mwenyewe. Mama aliishi chumba cha nyuma miaka mingi baadaye, duka akiwa amelikodisha, na sikumwona hata siku moja akiwa na ufunguo shingoni kama mumewe.

Baadaye nilirudi nyumbani Manyatta, upande wa Embu, na nikawa mjane pia. Hapo nikaamua kugawa shamba letu la kahawa nikiwa hai, binti na wavulana sawa. Shemeji yangu alikuja kunionya.

"Mke wa ndugu yangu, ukishawapa, utabaki na nini?"

"Nyumba, na mahali pa kupanda mboga."

"Na wakikufukuza?"

"Shemeji, nimekwisha amua. Mpima ardhi anakuja Jumatatu. Karibu uje tunywe chai."

Alikuja, akanywa chai, akanuna. Nami nilitangulia mbele ya mpima kwenye matope, nikimwonyesha kila mpaka. Sikuyumba.

Mtihani ulikuja msimu uliofuata, pale binti yangu wa mwisho alipoanza kung'oa kahawa ili apande ndizi. Ile kahawa niliipanda na baba yake, tukiwa tumeoana karibuni. Nikiwa jikoni nilisikia panga likikata mashina. Nilitoka mpaka shambani nikiwa na maneno ya kumkemea tayari.

"Mama, umekasirika?" akaniuliza, akisimama.

"Nimeumia," nikamwambia. "Lakini shamba ni lako."

Nikarudi ndani, nikavaa gambuti, nikachukua jembe, tukachimba mashimo ya migomba hadi mvua ikatufukuza.