Showroom walinipa bei ya breki, nikairudisha pickup ya mzee Tongaren

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi, chai iko mkononi, nimeona niwape hii stori jinsi ilivyokuwa. Chumvi sijaongeza. Mkiona imekolea, ni yenyewe.

Mimi naishi Tuwan, mtaa wa hapa Kitale, nauza nafaka. Nyumbani kwetu ni Tongaren, na huko ndiko mzee wangu, baba, aliacha pickup yake alipofariki mwaka juzi. Ni ya buluu, imezeeka kwa heshima. Mimi ndiye naitumia kuleta mahindi mjini.

Mama hajaipanda tena tangu mazishi. Kanisani anatembea. Ukimuuliza, anasema miguu inataka mazoezi.

Sasa mwezi uliopita breki zikaanza kulia. Baadaye pedali ikawa laini, unakanyaga inazama kama matope. Nikasema hapa hakuna mchezo, nikaipeleka showroom moja, zile za tiles sakafuni na kahawa ya bure. Jina msiniulize.

Kijana wa pale aliniita madam karibu kila sentensi. Wakuu, ukiitwa madam hivyo, shika mkoba wako vizuri.

Quotation ikaja: pads, diski zote mbili, pump, mipira, labour, na kitu kingine kinaitwa inspection. Jumla elfu tisini na kitu.

"Na kwa umri wa hii gari, madam, si afadhali tu uiuze?"

Iliniuma, kwa sababu kulikuwa tayari na mtu wa Bumula, mfugaji wa kuku, aliyekuwa akinisumbua kwa simu. Aliitaka hivyo hivyo hata bila breki. Nikampigia mama nimweleze. Akasema, "Uza tu, Nafula. Gari ni chuma."

Mtu wa Bumula akasema Jumamosi atafika Tongaren na pesa.

Ningefurahi, si ndiyo? Mzigo umenitoka. Lakini nilirudi nyumbani, na kumbukumbu zikaanza.

Mzee wangu hakuwa mtu wa gereji. Breki alizifanyia uani, karibu na ghala la mahindi. Anapiga jeki, anaweka magogo chini ili gari isimlalie, anavua saa anatia mfukoni.

Kwa wasiojua, ukifungua mfumo wa breki hewa inaingia, na lazima uitoe. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko chini kwenye gurudumu anafungua na kufunga nati, mwingine yuko kwenye kiti cha dereva anakanyaga pedali. Huyo wa juu alikuwa mama. Hajui kuendesha gari mpaka leo, lakini siku ya breki usukani ulikuwa wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya kukinga mafuta.

Mzee anaita, "Kanyaga."

Mama anajibu, "Nimekanyaga, Baba Nafula."

"Achia."

"Nimeachia."

Hivyo hivyo mpaka jua linageuka. Hata wakiwa wamenuniana wiki nzima, siku hiyo lazima waongee. Nadhani kuna siku mzee alitoa hewa ambayo haikuwepo.

Basi nikaamua kama ni kuuzwa, iuzwe ikiwa na breki. Fundi mmoja wa hapa Tuwan aliiangalia, akaniambia pads zimeisha na mpira mmoja wa mbele wa kupitisha mafuta ya breki umepasuka. Diski zilikuwa nzuri, pump nzuri. Alitaka kumaliza pale pale, lakini mimi nilitaka uani kwa mzee. Spea na mafuta ya breki havikufika hata elfu kumi.

Jirani yetu alikuwa ameleta mahindi mjini kwa trekta. Akirudi, tukaipakia pickup kwenye trela yake, ikaenda kama ng'ombe aliyekosa mnunuzi sokoni.

Ijumaa nilianza kazi. Mama alikuwa barazani anachagua maharagwe kwenye ungo, haulizi kitu. Pads na mpira nilifunga, vidole vikachubuka, nikamaliza. Ikabaki hewa.

Mtu wa pili sikuwa naye, na mama niliogopa kumwambia. Kwa simu nilikuwa nimeona video ya mtu anatumia kijiti kushikilia pedali chini. Nikakata kijiti, nikakikaza kati ya pedali na kiti, nikainama kwenye gurudumu la mbele.

Nikasikia ungo unawekwa chini. Mama akaja, akatoa kile kijiti akakitupa, akavua slippers, akapanda.

"Baba yako alikuwa anaanza na gurudumu la mbali," akasema.

Nikahamia nyuma kushoto, mbali kabisa na pedali. Chupa nikaishikisha kwa mawe mawili.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga, Baba Nafula."

Sikumsahihisha. Machozi yalinitoka pale chini, mafuta ya breki yakinichuruzika kwenye kiwiko, na nikaogopa akisikia nalia atashuka. Nikasema tu, "Achia."

"Nimeachia."

Tukazunguka magurudumu yote hivyo. La mwisho, kabla sijasema kitu, akasema, "Sasa imeshika."

Nikakaza nati. "Achia, mama. Tumemaliza."

"Ngoja kidogo."

Nikangoja. Alikaa pale mguu kwenye pedali, mikono kwenye usukani, anaangalia ghala. Aliposhuka akavaa slippers zake, akasema, "Mpigie huyo mtu wa Bumula mapema, asipoteze nauli."

Jumamosi niliijaribu polepole kwenye njia ya shamba, fundi wa sokoni akakagua kila nati. Jumapili mama alipanda. Miguu haikutaka mazoezi.

Funzo langu, wakuu: breki si mahali pa kujaribu bahati. Kama hujui, lipa anayejua, na akimaliza, fundi mwingine akague. Lakini kabla hujasaini quotation ya showroom, uliza mtu wa pili. Na kama utafanyia nyumbani, tupa kijiti, ita mtu.

Haya, niambieni. Kwenu nani alikuwa anakanyaga pedali?