Chaga za Kidoti

Ukitaka kumuudhi Fundi Fungua, ilitosha kumuuliza, "Fundi, jukwaa unavunja lini?" Angekukata jicho, aweke spana chini taratibu, na kukupa somo ambalo hukuliomba.

"Kuvunja ni kazi ya wezi na walevi. Mimi nafungua."

Ndiyo maana akaitwa Fundi Fungua, na yeye jina akalivaa kama koti la sikukuu. Kazi yake ilikuwa moja tu: majukwaa ya mbao ya kuigizia nje. Wenzake walijenga nyumba ambazo watoto wangekuja kuzigombania mahakamani. Yeye alijenga kitu Ijumaa, watu wakakichezea Jumapili, na kufikia Jumatatu jioni hapakuwa na kitu, ni majani yaliyolala kidogo. Mlinzi wa uwanja wa mpira alimsifia kila mara kwa maneno yale yale: "Wewe Fundi ukiondoka, mtu hawezi kujua kama ulikuwepo." Fundi alichekelea siku nzima.

Siri ya ufundi wake haikuwa siri, maana aliihubiri mpaka kwenye foleni ya maji. Kwanza, hakuna msumari. Bolti, nati, na kabari ya mbao ngumu ya kubana maungio, basi. Msumari kwake ulikuwa kama tusi mbele ya mkwe: hata ukiomba radhi, limeshasikika. Ukiung'oa, tobo linabaki. Pili, kipimo kimoja. Mbao za kukanyagia jukwaani, mbao za benchi, za meza, za mlango wa nyumba yake, zote alizikata kwa unene mmoja na kuzitoboa matundu yanayolingana. Jukwaa likipungukiwa, kitu chochote nyumbani kwake kingeweza kwenda kujaza pengo.

Na vilienda kweli. Wageni walizoea kufika wakakuta tundu mahali pa mlango.

"Hodi! Jamani, mlango uko wapi?"

"Uko kazini," mkewe alijibu akiwa nyuma ya cherehani. "Ingia tu, shemeji. Utakaa kwenye ndoo, viti vimeenda kuigiza."

Mke huyo alikuwa mshonaji, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu, na alikuwa na subira ambayo ukimweleza mtu anadhani unatia chumvi. Aliwahi kukatia kitambaa cha bibi harusi sakafuni kwa sababu meza ilikuwa uwanjani imebeba wapiga ngoma. Lakini alikuwa na sharti moja, na alilisema bila kicheko.

"Baba Kidoti, humu ndani fungua unachotaka. Nifungue hata mimi. Kile kitanda usiguse."

Kidoti alikuwa binti yao, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi chini ya mdomo, kama vile aliyemuumba alimaliza sentensi akaweka nukta. Fundi alimtengenezea kitanda kidogo kwa mbao zile zile na bolti zile zile, chaga, zile mbao za kulazia godoro, nene kiasi cha kubeba kwaya nzima. Mtoto hakulala juu yake sana. Alipenda kulala chini yake, chali sakafuni, akichora kwenye upande wa chini wa chaga kwa chaki ya njano ambayo baba yake alipigia mistari mbao. Alimchora baba mwenye nyundo kubwa kuliko kichwa. Alimchora mama na cherehani yenye miguu minne kama mbuzi. Akachora na mbwa, ingawa hawakuwa na mbwa. Alipoulizwa ni mbwa wa nani, alisema, "Atakuja."

Mbwa hakuja. Ilikuja homa, ikakaa nyumbani kama mgeni wa siku chache, na ilipoondoka iliondoka naye.

Baada ya hapo mtaa mzima uliacha kuwaita Baba Kidoti na Mama Kidoti. Si kwa ubaya. Watu walikuwa wanaanza, "Mama Ki..." halafu wanakohoa na kuuliza bei ya kupunguza suruali. Yeye akageuka Fundi Fungua, mkewe akageuka Mshonaji, na jina likakunjwa likawekwa kama nguo ya marehemu. Lilibaki kutumika mahali pamoja tu, ndani ya nyumba ile, kati ya watu wawili. Baba Kidoti, chumvi iko wapi. Mama Kidoti, zima taa. Kwa miaka mingi mtoto aliishi humo, ndani ya "chumvi iko wapi". Na kitanda kilikaa chumba cha nyuma, shuka likibadilishwa kila lilipochakaa.

Sasa, kulikuwa na kikundi cha maigizo ambacho mwongozaji wake alivaa skafu shingoni hata jua likipasua mawe. Mtu huyu alikuja kuagiza jukwaa la kuweka uwanja wa mpira.

"Fundi, nataka jukwaa linalopumua," alisema, akifumba macho.

"Mbao hazipumui, mzee. Zinalia tu zikikanyagwa vibaya. Nitakutengenezea lisilolia."

Usiku Fundi alikaa mezani na njiti za kiberiti, akilipanga jukwaa dogo, analitazama, analibomoa kwa kidole, anapanga tena. Kimo chake kiwe usawa wa kifua cha mtoto, ili aliyekaa kwenye nyasi aone nyayo za waigizaji. Sakafu iinamie watazamaji kidogo sana, kiasi cha kumfanya mwigizaji avutwe mbele bila kujua. Miguu ivalishwe vipande vya tairi kuukuu, isichimbe uwanja. Kati ya mguu na mguu, mbao za mshazari, maana jukwaa haliangushwi na uzito, linaangushwa na watu wanaoruka pamoja. Mkewe alisogeza taa karibu, akatazama zile njiti.

"Hili zuri, Baba Kidoti."

"Siku moja njoo ulione na watu juu yake. Hujawahi kuja hata mara moja."

"Nitakuja na nini, na mlango uko huko? Nani atalinda nyumba?"

Wakacheka. Wiki hiyo mama mzazi wa mkewe akaugua, na mkewe akasafiri kwenda kumuuguza. Aliaga kwamba atarudi Jumatatu.

Jumapili asubuhi, siku ya onyesho, jukwaa likiwa limesimama limetulia kama limeota hapo, akaja mwenyekiti wa kamati ya maandalizi. Mwenyekiti huyu alitembea na simu mbili na hakuna hata moja iliyoita. Akalizunguka jukwaa, akarudi pale pale.

"Mgeni rasmi atapandia wapi?"

"Ngazi ile ya ubavuni."

"Ile ya waigizaji?" Mwenyekiti alishika kifua. "Fundi, mgeni rasmi apande ngazi moja na wachekeshaji? Unataka nirudishwe kijijini? Mbele, katikati, ngazi yake, na zulia."

"Mbao zimeisha. Na leo maduka ya mbao yamefungwa."

"Wewe si Fundi Fungua? Kafungue kitu."

Mlango ulikuwa tayari jukwaani. Meza pia, na benchi zote, na rafu ya vyombo. Fundi alirudi nyumbani akazunguka vyumba kama mtu aliyesahau alichofuata, ingawa alikuwa anakijua vizuri. Akasimama mbele ya kitanda kidogo. Chaga zile zilikuwa na upana wa kukanyagia na unene wa kukanyagia, na matundu ya kipimo. Miguu yake, ile inayoitwa matendegu, hakuihitaji. Alihitaji chaga tu.

Mkewe angerudi kesho. Usiku huo huo zingekuwa mahali pake, shuka limetandikwa, bila mtu kujua. Maisha yake yote alikuwa ameishi hivyo: toa, tumia, rudisha, pasionekane kitu. Haikumpitia akilini kwamba kipo kitu duniani kisichorudishika. Alitoa spana.

"Nakuazima, mwanangu," alisema kwa sauti. "Jioni narudisha."

Alipozifunga kwenye ngazi alifanya jambo ambalo alidhani ni la heshima. Aliweka michoro iangalie chini, ili mtu asimkanyage mtoto wake usoni.

Alikuwa nyuma ya jukwaa anakaza nati za mwisho aliposikia nyundo. Alikimbia huku spana ikimtoka mkononi. Vijana wa mwenyekiti walikuwa wameshatandika zulia jekundu kwenye ngazi na kulipigilia kwa misumari mirefu, kila kidato, huku na huku.

"Nani amewaambia mpigilie!"

"Lilikuwa linateleza, Fundi," mwenyekiti alisema. "Unataka mgeni rasmi ateleze?"

Alasiri watu wakafurika. Viongozi walikaa kwenye viti mbele, wakiliona zulia. Wananchi wa kawaida walikaa kwenye nyasi ubavuni, walipoachiwa, ambako kilichoonekana zaidi ni kile kilicho chini ya zulia. Na ni huko Fundi alikomwona mkewe, begi la safari bado begani, anatafuta pa kukaa.

Moyo ulimruka kwa furaha. Amekuja! Mama mkwe amepona na yeye amewahi kurudi, ameshuka na kuja moja kwa moja kunishangaza. Akainua mkono kumpungia. Mkono ukabakia hewani, kwa sababu alikumbuka.

Mkewe alimwona akapunga, akionyesha jukwaa kwa kidevu kama kusema, kumbe ndiyo hili! Macho yake yakapanda kwenye nguzo, yakapita kwenye mapazia, yakashuka polepole kwa kuridhika. Jua la jioni lilikuwa limeshuka nyuma ya jukwaa na lilipenya katikati ya vidato vya ngazi. Fundi alitaka kwenda kusimama mbele yake. Alitaka wingu. Alitaka mtu yeyote amwage soda.

Mgeni rasmi akapanda kwa mwendo wa mtu anayejua anapigwa picha. Akashuka, kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari, akapanda tena.

"Jukwaa hili," alinguruma kwenye kipaza sauti, "ni ushahidi wa maendeleo ya kudumu!"

Watu wakapiga makofi. Mkewe hakupiga. Alikuwa ameacha kutabasamu, ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesoma maandishi yaliyopinduliwa. Halafu akatua begi chini.

Onyesho lilikwenda vizuri, wanasema. Fundi hakuona. Jukwaa halikulia hata mara moja.

Watu walipotawanyika alimkuta amekaa chini ya ngazi, kwenye nyasi, magoti yamekunjwa, uso umeinuliwa kwenye chaga. Alizitazama kutoka chini, kama mtoto alivyozitazama.

"Fundi," alisema. "Naomba spana."

Fundi aligeuka kutazama nyuma, aone nani anaitwa. Hapakuwa na mtu. Kumbe jina lile lilikuwa lake.

"Mama Kidoti..."

"Naomba spana, Fundi."

Akampa. Akapiga magoti pembeni, maneno yakimtoka ovyo. "Niliziazima tu. Ni kwa muda. Usiku huu ningezirudisha. Nilizigeuza, ona, picha ziko chini, asizikanyage mtu."

"Nimeona."

"Misumari siyo mimi. Ni wale, kwa ajili ya zulia. Mimi sijawahi..."

"Najua siyo wewe. Wewe hujawahi kupigilia kitu chochote." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. Aliweka kidole kwenye ncha ya msumari iliyotokeza kwenye ule mchoro wa mbwa. "Angalia. Hapa kwa baba msumari umepita pembeni. Hapa umepita katikati."

Mkewe alikuwa anajua kufungua. Miaka yote ya kuishi na mtu yule ilikuwa imemfundisha ni nati ipi inaanza. Fundi aling'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja, polepole, kana kwamba upole utaziba matundu. Walibeba chaga hadi nyumbani, yeye mbele, mkewe nyuma.

Asubuhi mkewe alikodi gari dogo la mizigo. Fundi alipotoka nje kunawa uso, cherehani ilikuwa imeshapakiwa. Kitanda alikifungua mwenyewe chote, chaga na matendegu, akaziweka bolti kwenye mfuko wa kitambaa aliouziba kwa uzi. Kilifunguka kwa ulaini wa ajabu, hata hakikulia. Ilikuwa kazi nzuri. Fundi alisimama kwenye tundu la mlango na kujisikia, Mungu amsamehe, fahari kidogo, halafu akatamani aliyekitengeneza angekuwa fundi mbaya.

"Nitakuja kukufungia huko kwa mama," alisema. "Bolti zina mpangilio wake."

"Mpangilio naujua."

"Utarudi lini?"

Mkewe alikuwa ameshapanda, amekumbatia chaga mapajani, upande wa michoro kifuani mwake. Alimtazama kwa muda, midomo ikianza kutengeneza herufi ya kwanza. Fundi aliiona. Ilikuwa B. Alisubiri imalizike. Dereva akawasha gari.

Fundi alirudi uwanjani kwa sababu jukwaa lilikuwa bado linamsubiri. Alifungua mchana kutwa. Jioni mlinzi alipita na tochi yake isiyo na betri, akatazama nyasi.

"Fundi, mimi kila siku nasema. Wewe ukiondoka, mtu hawezi kujua kama ulikuwepo!"

Fundi alibeba mlango wake mgongoni akaenda nao nyumbani. Aliurudisha kwenye bawaba. Akaingia chumba cha nyuma. Mkewe kila wiki alipaka sakafu ile rangi nyekundu na kuisugua mpaka ing'ae, lakini hakuwahi kukisogeza kitanda. Pale yalipokuwa matendegu kulikuwa na vipande vinne vidogo vya mraba, saruji tupu ya kijivu, mipaka yake imenyooka kama iliyopigwa kwa chaki.

Alichukua ufagio. Alifagia chumba chote, na kila alipovifikia aliuinua ufagio akavipita.