Mabondia wa Fundi Kioo

Mama Pasi alikuwa mtu wa chumba cha kufulia cha hospitali. Kutwa alikunja na kunyoosha shuka, na hata alipotoka kazini mikono yake ilikuwa haijui kupumzika. Ukikutana naye njiani kola yako imejikunja, kwanza atakunyooshea kwa kiganja, ndipo akusalimu. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mama Pasi, naye hakuona ubaya. Ubaya aliuona kwenye nguo zenu.

Mumewe aliitwa Fundi Kioo, na walikutana kwa sababu ya dirisha. Siku hizo Mama Pasi alikuwa msichana mpangaji, upepo ukamvunjia kioo, akaenda dukani kwa fundi kukatiwa kingine. Fundi akakata, akakifunga kwa magazeti, akampa.

"Ubebe wima, dada. Usikilaze."

Alipomwona anavuka barabara na kile kioo kikubwa kuliko kifua chake, akatoka mbio nyuma yake. "Ngoja nikuletee mpaka kwako. Mzigo wa kioo haubebwi na mtu mmoja."

"Si mbali, fundi."

"Hata kama."

Fundi alikuwa akiisimulia habari hii kwa kuitia chumvi. Alidai kwamba siku hiyo aliacha duka limejaa wateja. Mama Pasi alikuwa akimkatiza palepale na kusema kwamba mteja pekee alikuwa paka. Walibishana hivyo miaka nenda rudi, mbele ya wageni na bila wageni, na ubishi huo ndio uliokuwa mapenzi yao.

Samaki waliingia nyumbani binti yao wa pekee alipoolewa mji wa mbali. Nyumba ilipoa, na fundi akawa anakaa jioni akitazama mlango. Ndipo mteja mmoja akamletea zawadi ya samaki ndani ya chupa ya jemu. Alikuwa beta, samaki mdogo wa urefu wa kidole, mwenye mapezi marefu yanayoburuzika kama gauni la kuazima. Fundi alimpenda mara moja. Wiki haikuisha wakawa wawili, na mwezi haukuisha sebule ikawa yao.

Sasa, beta dume ana kasoro moja. Hapendi kumwona dume mwenzake. Akimwona tu, hutunisha mashavu, hufungua mapezi yote, hugeuka rangi. Ukiwatia chombo kimoja, watararuana mpaka mmoja awe mzoga, na aliyebaki huwa si mzima sana. Watoto wa jirani waliwaita mabondia. Kwa hiyo fundi alichukua vipande vilivyobaki dukani akatengeneza tangi refu, akaligawa vyumba kwa kuta za kioo, kila samaki na chumba chake. Kati ya chumba na chumba alichomeka karatasi ngumu nyeusi ili wasionane. Juu aliweka vifuniko vyenye mwanya, kwa sababu beta hupanda kuvuta hewa, tena huruka. Maji ya bomba hakuwapa moja kwa moja. Aliyaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake, dawa iishe ukali.

Kila asubuhi, akishamaliza chai, alizichomoa zile karatasi moja baada ya nyingine. Mabondia walionana kupitia kioo, wakavimba, wakatishiana, wakazunguka. Alisema beta asiyevimba hata mara moja kwa siku hulegea mkia. Kisha, kabla hawajachoka, alizirudisha karatasi na kusema, "Haya, kila mtu kwake."

Aliwapa majina, isipokuwa wale wa buluu, ambao walifanana mno. Mweusi alikuwa Mkaa. Mweupe alikuwa Bwana Harusi. Mwekundu, aliyekuwa na tabia ya kusimama katikati ya maji na kukutazama kama umekosea, alikuwa Hakimu. Huyo Hakimu alipenda pia kupuliza povu kwenye kona ya chumba chake, na fundi alieleza kila mgeni kwamba hicho ni kiota. "Anajenga nyumba. Anangoja mke." Mama Pasi aliwaambia wenzake kazini kwamba yeye ana mke mwenza mwenye mapezi, tena si mmoja. Wakacheka. Naye akacheka, ingawa zipo siku alitamani kusalimiwa asubuhi kabla ya Hakimu.

Kusahau kulianza dukani. Fundi alikata kioo cha dirisha kifupi, akakata kingine kifupi zaidi, akasimama na kalamu ya almasi ya kukatia kioo mkononi kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni. Halafu akapotea njia ya kutoka dukani kwenda nyumbani, njia aliyoipita tangu ujana. Daktari alizungumza nao kwa upole. Alisema ugonjwa huu haurudi nyuma, ila unaweza kwenda polepole. Duka likafungwa. Kuanzia hapo fundi akawa anashinda nyumbani na samaki wake, na Mama Pasi anashinda kwenye shuka za watu huku moyo wake uko sebuleni.

Binti akaanza kupiga simu.

"Mama, nitakuja nimchukue Baba. Kwangu mchana kutwa kuna watu."

"Baba yako ana kwake."

"Wewe unatoka asubuhi unarudi jioni. Siku akiacha jiko linawaka?"

"Jiko nalifunga. Na baba yako bado ana akili zake. Njoo uone anavyowatunza samaki. Hajakosea hata siku moja. Siku akikosea samaki, njoo umchukue, sitasema neno."

Hivyo ndivyo Mama Pasi alivyomweka mumewe rehani kwa samaki. Binti alikubali, kwa kuwa hata yeye hakutamani kumtoa baba yake mahali anapopajua. Binti aliishi mbali mno, mama yake asingeweza kuwafuata huko, na kazi ya hospitali ilikuwa bado haijamwachia kustaafu. Kumchukua mmoja kulimaanisha kuwatenganisha wawili. Jambo hilo wote walilijua, na hakuna aliyelitamka.

Lakini fundi alikuwa ameshaanza kukosea. Alilisha, akasahau kwamba amelisha, akalisha tena. Punje zikazama chini zikaoza, maji yakawa na ukungu. Mama Pasi, ambaye hata kuwashika wale samaki hakuwahi, akajifunza. Alificha kopo la chakula nyuma ya sukari. Alfajiri, mumewe akiwa amelala, alinyonya uchafu kwa mpira mwembamba, akapata maji machafu mdomoni mara nyingi kabla hajaujua ufundi wake. Aliwabadilishia maji kidogokidogo kutoka kwenye ndoo. Siku moja Mkaa alikutwa amelala ubavu, na hakuinuka tena. Mama Pasi alimzika kwenye kopo la maua na hakumwambia mtu. Fundi aliendelea kuchomoa karatasi ya chumba kile kila asubuhi, akitazama maji matupu. "Mkaa leo mvivu," alisema. Mama Pasi akamjibu, "Muache, amechoka." Akajikaza kisabuni, akaenda kazini.

Hakuwa anamdanganya binti tu. Alijidanganya na yeye. Kila tangi lilipong'aa alijiambia kwamba mumewe hajambo, na alisahau kwa makusudi ni nani aliyeling'arisha.

Jioni moja binti alipiga simu wakati Mama Pasi anakanda unga. Mikono ilikuwa imejaa, akaiweka simu mezani na kuifungulia sauti. Fundi alikuwa ameketi palepale na kikombe chake.

"Mama, sikugombezi," binti alisema. "Lakini mtu hawezi kufungiwa peke yake kutwa nzima. Anamwona nani? Anaongea na nani? Mtu akikaa peke yake hivyo anaharibika."

"Hafungiwi," Mama Pasi alisema. "Nafunga mlango tu."

"Jumamosi nakuja. Tukae tuzungumze."

Fundi alikunywa chai yake. Mama Pasi alimwangalia akadhani hajasikia.

Jumamosi ile zamu yake ilikuwa ya asubuhi. Aliamka mapema, akasafisha tangi mpaka likawa kama halina kioo, akampigia mumewe pasi shati la mikono mirefu. Alimwambia mtoto wao anakuja. Alitoka akiwa na matumaini kamili. Binti ataingia, atamkuta baba yake msafi mbele ya tangi safi, na yatakwisha.

Walikutana getini, yeye akitoka kazini na binti akishuka kwenye gari. Wakashikana mikono kama wasichana, wakafungua mlango pamoja.

Fundi alikuwa amekaa chini sakafuni, shati limelowa mpaka mabegani. Mbele yake palikuwa na beseni kubwa la kufulia. Karatasi nyeusi zote zilikuwa zimepangwa vizuri kando, na vyumba vyote vya tangi vilikuwa vitupu. Aliinua uso, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Mama Pasi hakuwa ameiona tangu duka lifungwe.

"Karibuni," alisema. "Nimewakutanisha."

Ndani ya beseni maji yalijaa vipande vya mapezi, vyekundu, vyeupe na vya buluu, vinaelea kama mabaki ya nguo chini ya cherehani. Bwana Harusi alikuwa juu ya maji, tumbo likiwa wazi. Wengine walikuwa wamezama. Hakimu peke yake alikuwa bado anasogea, mkia wake umebaki vijiti.

"Mume wangu," Mama Pasi alisema taratibu, "si ulituambia wewe mwenyewe wasiwekwe pamoja?"

Fundi alimwangalia yeye, kisha binti, kama anayetafuta shahidi. "Si mlisema mtu akikaa peke yake anaharibika? Nimewasikia. Hawa wana miaka wanaonana kwa kioo tu. Hakuna aliyewahi kumgusa mwenzake." Akatazama beseni. "Mwanzo walicheza sana. Sasa wamelala."

Binti aliweka mkoba chini, akaenda jikoni, na huko akalia akiwa amejiziba mdomo kwa kanga ya mama yake iliyokuwa imetundikwa mlangoni. Alikuwa amekuja na maneno yake yote ameyapanga, na sasa hakuwa na haja hata ya neno moja. Ushindi wa namna hiyo haumfai mtu.

Mama Pasi alipiga magoti. Alimchota Hakimu kwa viganja vyake viwili, samaki hai wa kwanza kumshika tangu waingie nyumba ile, akamrudisha chumbani kwake. Alichomeka karatasi upande huu na upande ule, ingawa hapakuwa na jirani tena. Mazoea yakamjia mdomoni akaanza, "Haya, kila mtu," akashindwa kumalizia. Usiku ule mezani hakumpinga binti yake. Alikuwa ametoa ahadi.

Waliafikiana kwamba binti arudi baada ya wiki chache, akishaandaa chumba. Katika wiki hizo Mama Pasi alimhudumia Hakimu kama mgonjwa wa wodini. Maji safi yaliyolala, punje moja moja, utulivu. Mapezi yakaanza kuota upya, membamba na meupe kwenye ncha. Aliamua kwamba samaki aende na mwenyewe. Alidhani mumewe akiamka kwenye nyumba ngeni na kumwona Hakimu, atajua kwamba yuko kwake.

Siku yenyewe alimvika shati lililonyooka mpaka kwenye vifungo. Alimweka Hakimu kwenye chupa kubwa ya kioo, akaifunika kwa kitambaa, akampakatisha mumewe kwenye kiti cha mbele. Binti aliingiza mabegi nyuma, kisha akasimama kando ya gari, akawaachia nafasi wazazi wake waagane. Mama Pasi aliinama dirishani. Alikuwa na mengi ya kusema, akabaki kumnyooshea kola ambayo haikuwa na kunyanzi.

Fundi alimtazama kwa muda. Alimtazama kwa adabu, jinsi mtu wa duka anavyomtazama mteja anayemheshimu. Kisha akainua chupa kutoka mapajani akampa kupitia dirishani, polepole, maji yasimwagike.

"Huyu ni wako, dada. Umechagua vizuri. Maji ya bomba usimpe siku hiyohiyo, yaache yalale. Chakula kidogo tu."

Mama Pasi aliipokea chupa. Akaikumbatia kifuani.

"Na usimtie na mwenziwe," fundi alisema. "Wataumizana. Watu huwa wanawaonea huruma, wanawaweka pamoja. Usifanye hivyo."

"Sitafanya, fundi," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu siku ya kioo.

Binti aliingia akawasha gari. Fundi aliiona ile chupa kifuani kwa mama mtu mzima, akaonekana kuingiwa na wasiwasi, akaanza kupapasa kitasa cha mlango.

"Ngoja kwanza. Nikuletee mpaka kwako. Mzigo wa kioo haubebwi na mtu mmoja."

Mama Pasi aliushikilia mlango kwa nje, kwa kiganja kimoja, usifunguke.

"Si mbali, fundi," alimwambia. "Ni hapa tu."