Mstari wa Lita

Kwetu Murusagamba, chombo kisichojaa ni ujumbe. Ukimpa mtu pombe ya ndizi, kibuyu kikabaki na nafasi juu, umeshamwambia kwamba una kinyongo naye, hata kama hukufungua mdomo. Mama yangu alijaza mpaka pombe ikamlowesha vidole. Watu walimpenda kwa hilo.

Miaka ya wakimbizi soko la Kasulo lilifurika. Kila muuzaji alikuja na kibuyu chake, na vingine vilikuwa vidogo, vya kuwapunja watu tu. Ugomvi haukuisha, mpaka bwana soko akaamuru wote wapime kwa lita. Mama akanunua jagi la plastiki lenye mstari mwekundu, vidole viwili chini ya ukingo. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la sita, najiona nimeimaliza dunia, nikapewa kazi ya kuuangalia ule mstari.

"Basi, mama! Acha hapo!" Nilimpigia kelele mbele za watu, naye akanitii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinitii.

Alikuwa na rafiki mmoja, mama Mrundi aliyeishi kambini. Walikuwa wakikamua ndizi pamoja nyumbani kwetu, mikono imejaa majani, wakicheka mambo ambayo sikuruhusiwa kuyasikia. Siku ya kwanza ya jagi alikuja sokoni kama kawaida yake. Mama akamimina. Nikasema acha hapo, akaacha. Yule mama akalipokea jagi, akautazama ule uwazi wa juu.

"Dada, nimekukosea nini?"

Mama alitaka kusema kitu, lakini bwana soko alikuwa amesimama pale pale. Nikajibu mimi, tena kwa ukali: "Ndicho kipimo."

Akaliweka jagi chini, akaondoka bila kunywa. Hakuja tena. Mama alimtuma mtu kambini mara mbili. Mara ya pili akaambiwa kwamba rafiki yake amesharudi Burundi. Mama akakitundika kibuyu chake ukutani, na pombe akaacha kupika. Sikumwomba radhi. Nilidhani watu wazima husahau.

Alizeeka, akaugua figo. Daktari akaagiza maji yake yapimwe, asinywe kupita kiasi. Wiki yake ya mwisho, mchana mmoja wa jua kali, nilimpelekea kikombe cha plastiki chenye mistari, maji yakiwa nusu. Akakishika kwa mikono miwili, akachungulia ndani, machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Kibuyu kilikuwa pale pale ukutani, juu ya kitanda chake, na mtungi wa maji ulikuwa miguuni pangu.

"Ndicho kipimo, mama," nikasema.

Akanywa, akanirudishia kikombe, akageukia ukutani.