Nilivyomponza Mkwe Wangu Kwenye Njia ya Mabasi

Niliondoka Bariadi kwa sababu binti yangu Minza alijifungua kule Dar es Salaam, na mtoto akapewa jina la marehemu baba yangu. Ningekaaje nyumbani?

Saa nane mchana basi likaondoka. Nilibeba michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, na jirani yangu wa kiti akala nusu kabla hatujafika Shinyanga. Mtu wa Maswa yule, majirani zetu tunaotaniana nao. Tuyaache. Usiku nilisinzia, sina la kusimulia.

Saa mbili asubuhi, stendi ya Mbezi. Mkwe wangu Masanja alinipokea na gari la tajiri wake, maana yeye ni dereva wa kuajiriwa. "Mwangaluka, baba!" akaniamkia Kisukuma. Akapiga goti palepale, wapiga debe wakacheka. Kwetu ndivyo ilivyo, mkwe hamkatalii baba mkwe neno.

Kimara foleni ikagoma kabisa. Lakini katikati ya barabara kulikuwa na njia nzuri, tupu.

"Masanja, pita pale."

"Baba, pale ni pa mabasi ya mwendokasi..."

"Yako wapi? Mimi sioni basi."

Akameza mate, akapita.

Hatukwenda mbali. Honi nyuma, basi refu limejaa. Mbele askari wa kike ananyoosha mkono. "Leseni!"

"Kosa ni langu, afande," Masanja akasema. Hakunitaja. Jasho lilimtiririka; tajiri wake alishaapa kumfukuza dereva atakayekamatwa kwenye njia hiyo.

Nikateremka. "Afande, mimi ndiye niliyemtuma. Huyu mkwe wangu, hawezi kunikatalia."

"Usukani alishika nani, mzee?"

"Yeye."

"Basi faini ni yake. Geuka uwaone uliowasimamisha."

Nikageuka. Watu wamebanana, mama mmoja na mgonjwa wake kamwegemea. Nikaona aibu. Mimi ng'ombe wangu wakiingia kwenye pamba ya mtu, naweza kujitetea kwamba sikuona mtu shambani?

Masanja mwenyewe akampigia tajiri wake, akasema yote. Nikanyakua simu nikaongeza ya kwangu. Tajiri akataka arudishiwe Masanja, sauti yake ikanifikia hata mimi: "Kwa kuwa umesema mwenyewe, faini ulipe wewe. Ukirudia, niletee funguo." Nikapumua. Mjukuu nilimpakata saa tano, mzito kama ndama.

Baada ya wiki, siku ya kurudi, tukakwama Ubungo. Basi langu lilikaribia kuondoka, na ulimi wangu, kwa uzee, ukateleza: "Masanja, pale si..."

"Hapana, baba. Hapo sipiti."

Hakunitazama.

"Vizuri," nikamwambia. "Tena nikisema tena, kataa tena."

Basi likaniacha, nikapanda la baadaye.

Nyumbani Somanda, hapohapo Bariadi, nikamweleza mama Minza kwamba heshima ya mkwe haifai kuwakwamisha watu wengine njiani. Yeye alisikia jambo moja tu, akashika mdomo.

"Alikukatalia?"

"Alinikatalia. Na ningekuwa na binti mwingine, ningemwoza Masanja huyohuyo."