Ufunguo wa Tatu

Usiku ule Immaculée alijilaza na nguo alizorudi nazo kutoka sokoni Isipingo, simu akiwa ameilaza kifuani kama mtoto mchanga. Kila mara aliinyanyua kutazama kama mtandao upo. Ulikuwepo. Pale Berea, mjini Durban, mtandao haukosi. Unakosekana kwao Kasolelo, ng'ambo ile ya Kongo, ambako anayetaka kupiga simu hupanda kilima nyuma ya kanisa, akasimama penye jiwe wanalolijua wote, akageukia upande wa ziwa. Deborah, binti yake, alikuwa ameahidi kupanda kilima hicho Jumamosi kabla jua halijazama. Jua lilizama, watu wa ghorofani wakazima redio zao, na simu ilikuwa bado imenyamaza.

Mara ya mwisho walizungumza Alhamisi.

"Mama, watu wamekaa mbele ya depo tangu asubuhi," Deborah alisema. "Hawapigi kelele. Wamekaa tu, na watoto wao. Wanataka neno lako."

"Neno gani?"

"Mama, usijifanye hujui. Wanataka tufungue."

Immaculée alijibu alivyojibu: wangoje Jumapili, wenzake wa Durban wakutane, yeye peke yake hana mamlaka. Deborah akasema, "Sawa, nitawaambia Jumapili." Tangu hapo ni neno "sawa" lililokuwa likimkosesha usingizi. Mama anamjua mwanawe. Deborah akikasirika hugomba, na akikata tamaa husema sawa.

Depo lenyewe ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, bati juu, mlango wa chuma. Ndani mna maharage na karanga za mbegu, zimechanganywa na majivu na pilipili ili wadudu wasizitoboe. Watu wa Kasolelo wanaoishi Durban ndio waliojenga, kwa michango ya kila mwezi: walinzi, wasusi, wauza simu, akina mama wauza sombe, yale majani ya muhogo, kama Immaculée. Mkulima huja mwanzo wa mvua akachukua besheni moja ya mbegu, na akishavuna hurudisha moja na nusu. Hivyo tu. Hakuna mzungu aliyeuleta mpango huo na hakuna kibao barabarani kinachoutangaza.

Mlango una kufuli tatu. Akina mama wa kule walijifunza hilo kwenye sanduku lao la akiba: kila kufuli ina mtu wake, sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawe wamekaa mahali pamoja. Ila mwaka wa kwanza wa depo, njaa ilipobisha kabla ya mvua, ndugu wa kapita, mkuu wa kijiji, waliwazungukia wenye funguo mmoja mmoja, wakawabembeleza, wakawatisha, na mbegu nusu zikaishia chunguni. Habari zilipofika Durban, Immaculée ndiye aliyesimama mkutanoni. Si mwepesi wa kusema mbele ya watu. Shule aliiacha darasa la nne. Siku hiyo alisimama.

"Ufunguo wa tatu ukae huku," alisema. "Hakuna atakayetembea mpaka Durban kumbembeleza mtu."

Walicheka, wakapiga makofi. Ufunguo wakamkabidhi yeye. Kule Kasolelo mchungaji akauombea mlango, kijiji kizima kikaapa kanisani, mikono juu, kwamba atakayevunja kufuli bila neno la wenye funguo wote watatu amewaibia wajane na mayatima. Mvua zikianza, Immaculée angetoa neno kwa simu, kufuli yake ivunjwe kwa mtaimbo wa kijiji, kisha atume nyingine. Mwenye ufunguo wa kwanza alikuwa Désiré, mkulima hodari. Wa pili akachaguliwa Deborah.

Sababu nyingine Immaculée hakuisema mkutanoni. Alimwogopea mwanawe. Alijua wakimjia usiku, mwanamke peke yake na watoto wawili, atahitaji la kuwaambia, na sasa angekuwa nalo: ufunguo uko Durban, mimi nifanye nini? Aliona kama amemjengea ukuta.

Na ilikuwepo ya zamani zaidi. Immaculée alipokuwa mtoto, mvua zilikata, na mama yake akapika maharage ya mbegu. Yalikuwa na ladha ya majivu hata baada ya kuoshwa. Mvua ziliporudi hawakuwa na cha kupanda. Baba yake akaenda kulimia watu, akarudi amekuwa mtu wa kazi za wengine, na shamba lao likamezwa na majani. Vita vilipokuja havikuikuta familia yenye shamba. Immaculée alikimbilia kambini Tanzania, akashuka Malawi, akapita Msumbiji na mumewe Ruphin, wakaja kuishia Durban, ambako Ruphin alilinda magari ya watu mpaka mapafu yakamshinda. Deborah walikuwa wamemwacha mdogo kwa shangazi yake, waje kumchukua wakishatulia. Hawakutulia. Kwa hiyo Immaculée alipowaza mbegu iliyopikwa aliona njia yote hiyo, ndefu, ikianzia kwenye sufuria moja.

Alfajiri alimkuta Kulthumu jikoni. Jiko lile wanachangia watu wa vyumba vinne, na Kulthumu, mama wa Tanga, hulishika kabla ya wote kwa ajili ya vitumbua vyake.

"Shoga, hiyo simu itakuotea mizizi mkononi," Kulthumu alisema bila kugeuka. "Amepiga?"

"Hajapiga."

"Basi mpigie wewe."

"Namba haipatikani. Mpaka apande mlima."

Kulthumu aligeuza vitumbua, vikachuruzika mafuta. "Mimi nikuulize. Hao watu wana njaa ya kusema tu au njaa kweli?"

Immaculée alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamweleza: mihogo mwaka huu ukiing'oa unakuta imeoza, nje nzima, ndani nyeusi. Maharage yaliwahi kutoa maua, jua likayachoma. Soko la karibu chakula hakuna, hata ukituma pesa utanunua nini?

"Njaa kweli, basi," Kulthumu alisema. "Na chakula kiko chumbani."

"Si chakula, Kulthumu. Ni mbegu."

"Eish. Mwenye njaa anaijua tofauti yake?"

"Anaijua. Ndiyo sababu wamekaa nje wanangoja. Wangekuwa hawaijui wangeshavunja."

Kulthumu alimwekea vitumbua viwili kwenye kifuniko cha bakuli, akavisukuma kwake. "Mambo ya mikutano siyajui. Ila mlango ule unakungoja wewe, Mama Deborah. Usijifiche nyuma ya Jumapili."

Immaculée alivitazama vitumbua mpaka vikapoa.

Mkutano ulifanyika baada ya ibada, katika ukumbi wa nyuma, viti vya plastiki vikiwa vimepangwa duara. Papa Ladislaus, mwenyekiti, alikuwa bado na sare ya ulinzi chini ya koti, kwani alitakiwa kazini mchana. Ni mtu mwema; Ruphin alipofariki ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuchangisha. Alimsikiliza Immaculée mpaka mwisho, mikono magotini.

"Maman Immaculée," alisema, "mvua iko karibu kuanguka. Wakila sasa, watapanda nini? Watatupigia tena mwakani, na mwaka ule mwingine. Sisi tulitaka wale watu wasimame kwa miguu yao."

"Wasimame na tumbo gani?"

"Aah! Ni wewe unasema hivyo?" Papa Ladislaus aliwageukia wengine, akitabasamu. "Si ni huyu alitufundisha? Tulimpigia makofi mpaka mikono ikatuuma. Leo iko mtu mwingine ndani yake."

Walicheka, si kwa ubaya. Larissa, mwanamke wa saluni, alisema tutume chakula. Mwingine akamkumbusha kwamba sanduku la michango limekauka tangu msiba wa juzi, na kwamba lori la chakula halifiki Kasolelo, daraja limeondoka na maji. Mmoja akauliza kama watoto wa kule wanaumwa au wana njaa tu, na hakuna aliyejua. Immaculée aliwatazama nyuso zao. Kila mmoja ana shangazi kule, au kaburi. Wanaipenda Kasolelo, kwa jinsi mtu anavyopenda mahali anapotaka kupakuta vilevile siku atakaporudi. Na yeye alikuwa miongoni mwao. Hilo ndilo lililomchoma. Ameuliza mara ngapi habari za mlango ule, kama umepakwa rangi, kama unashika kutu? Na lini amemuuliza Deborah amekula nini?

Akamkumbuka mama yake juu ya ile sufuria. Miaka yote hiyo alikuwa amemlaumu kimyakimya. Hakuwahi kuuhesabu upande wa pili: kwamba walikula, yeye na kaka zake, na kwamba yeye yuko hapa, ana miaka hamsini, amekaa juu ya kiti cha plastiki anaamua.

"Tunaweka kura," Papa Ladislaus alisema. "Tungoje mvua, au tufungue. Mikono ya kungoja?"

Mikono ilipanda. Immaculée hakungoja ihesabiwe. Simu ilikuwa inatetemeka kwenye mkoba, akatoka nayo mbio mpaka uani, penye mabomba.

"Mama."

"Deborah! Nisikilize. Vunjeni. Mwambie Désiré, waambie wote, ni mimi nimesema. Wachukue sehemu wale, sehemu muifiche wapande. Neno langu mnalo. Vunjeni sasa hivi."

Upepo wa kule ulikuwa ukipiga kwenye simu. "Nimwambie nani, mama?"

"Watu. Watu walio mlangoni."

"Hakuna watu mlangoni. Wameondoka jana, jua likichomoza. Ndiyo sababu sikuweza kupanda. Nilikuwa nawasindikiza na mizigo. Nikarudi nimechoka, mtoto ana homa."

"Wameenda wapi?"

"Wanaume wameenda kwenye machimbo ya dhahabu. Akina mama wamefuata barabara, wengine wanasema kambini, wengine kwa ndugu. Wamebeba majembe kwa sababu huko yanauzika." Alikuwa akizungumza polepole, kama anayemweleza mgonjwa. "Niliwaambia wangoje Jumapili. Waliniambia Jumapili ya mama yako iko mbali."

Immaculée aliegemea ukuta. Ndani ya ukumbi walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kufunga mkutano.

"Walikugombeza?"

"Hapana. Mama mmoja tu alinitemea mate miguuni. Wengine waliniaga vizuri."

"Na wewe umebaki na nani?"

"Na watoto wangu. Na wazee ambao hawawezi kutembea. Tuko kama nyumba sita."

"Basi fungua wewe, mwanangu. Mbegu ni zenu. Ule na wanao na hao wazee. Fungua."

"Ninao ufunguo mmoja, mama. Désiré amekwenda na wake, aliusahau mfukoni. Na mtaimbo wa kijiji uko machimboni."

"Kamata jiwe."

Deborah alivuta pumzi. Kisha Immaculée akamsikia akishuka kilima, mtandao ukikwaruza, sauti ikija na kupotea. Alidhani simu imekatika. Haikukatika; karibu na depo, upande wa ziwa, huwa inashikashika kidogo. Akamsikia mtoto akilia karibu, na Deborah akimwambia kaa hapo, usisogee. Halafu jiwe likagonga chuma.

Liligonga tena. Immaculée alifumba macho kila lilipogonga, simu akiwa ameikandamiza sikioni mpaka sikio likauma. Kufuli zile alizichagua yeye mwenyewe, hapa Durban, dukani. Muuzaji alikuwa na za bei nafuu, naye akazikataa.

Papa Ladislaus alitoka ukumbini akifunga vifungo vya koti. "Maman, tumekubaliana tungoje," alisema kwa upole, kisha akauona uso wake, akasimama.

Jiwe liliendelea, kisha mapigo yakaanza kuachana, mtu aliyechoka akipumzika katikati. Kisha hayakuwepo.

"Deborah? Imefunguka?"

"Haifunguki, mama," Deborah alisema. "Nimejikata mkono. Ngoja nimbebe mtoto."