Nilichomoa Diski Taa Nyekundu Ikiwaka

Mimi ndiye niliyechomoa ile diski. Si Amoit. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu hapa Busia wanaoamini hadi leo kwamba ni Amoit aliyekosa, na mimi ndiye niliyewaaminisha.

Utanivumilia. Niliishia darasa la nane na kalamu yangu inaenda pole pole. Hata kwa mdomo mimi si mtu wa maneno. Tukiwa wawili nanyamaza, tukiwa watatu natafuta mlango. Huo unyamavu ndio ulioniponza!

Nilitoka Sigalame nikaja kufanya kazi katika ofisi ya kuchapa. Tulikuwa na vyumba viwili, kimoja karibu na geti la mpaka wa Uganda, kingine kule juu karibu na stendi. Kila chumba kilikuwa na kompyuta yake, lakini kazi za wateja zote zilikaa kwenye diski moja tu. Na stima ya Busia unaijua, umeme wa kuja na kupotea. Ikipotea getini, mara nyingi kule juu bado iko.

Basi ikipotea, boksi la betri lilianza kulia kama kifaranga, likitupa dakika chache za kumaliza. Tunazima mashine, tunafungua skurubu, tunachomoa diski na kuifunga kwa taulo. Mimi naiweka kifuani ndani ya shati na kupanda baiskeli. Kule juu tunaipachika kwenye mashine ya pili, na kazi inaendelea pale pale ilipoachwa, kana kwamba hakuna kitu kilichohama.

Kuhamisha huko ndiko kulikuwa kazi yangu. Nilijivunia sana, sitakuficha.

Aliyenifundisha ni Amoit, mchapaji wetu, binti wa Kiteso kutoka Chakol. Hakuwahi kunicheka. Alinionyesha taa ndogo nyekundu mbele ya mashine.

"Hii mashine ina adabu ya uongo," aliniambia. "Ukiiambia ihifadhi, inakubali hapo hapo. Lakini maneno bado iko nayo kichwani, haijaandika kwa diski. Ukiona taa inawaka-waka, ndiyo inaandika. Usizime mpaka taa itulie. Umesikia, kaka?"

Nilisikia. Mungu wangu, nilisikia vizuri sana!

Chumba cha juu kilisimamiwa na Wandera, binamu ya mwenye ofisi. Nilipofika Busia bila mtu, yeye ndiye aliyenipa pa kulala. Aliniita ndugu mbele ya watu, na mimi niliamini.

Sasa nikuambie kuhusu Nyanya. Kila siku ya soko alikuja mama mmoja mzee kutoka Chakol, naye alikuwa na nyimbo za mapacha, zile wanazoimbiwa watoto wakitolewa nje mara ya kwanza. Kusoma hakujua. Wenzake aliokuwa akiimba nao walikuwa wamezikwa wote, na wajukuu waliona haya kuzishika. Alitaka kitabu kidogo tu cha kuwaachia nyumbani.

Alikaa kando ya Amoit, anaimba kwa sauti ndogo, Amoit anachapa. Akinyamaza, Amoit anaondoa vidole na kungoja. Kuna wakati alinyamaza hadi nikadhani amelala! Halafu mstari unatoka, mzima, kama ulikuwa umejificha nyuma ya mlango.

Siku aliyomaliza wimbo wa mwisho alipiga makofi akacheka. "Sasa nina ruhusa ya kusahau," akasema.

Amoit alihifadhi. Nilimwona kwa macho yangu akihifadhi. Hapo hapo stima ikapotea, boksi likaanza kulia. Nje malori yalikuwa yamejazana hadi kando ya mlango, na Nyanya haoni vizuri, kwa hivyo Amoit akamshika mkono amvushe.

"Kaka, ngoja taa itulie. Ikitulia, zima."

Hajafika mbali, Wandera akaingia, jasho tele.

"Bado umekaa? Wateja wananitukana huko juu! Chomoa twende."

Nikaonyesha taa kwa kidole. Ilikuwa inawaka-waka.

"Si imeandika hapa imehifadhi? Ama unaogopa hiyo taa? Ni jicho la nyoka?" Akacheka. "Huyu wa Sigalame bwana! Mashine imekubali, wewe unakataa. Wewe ndiye umeiunda?"

Nilijua. Sikukosa kujua hata kidogo. Lakini mdomo haukufunguka. Nikazima. Nikachomoa.

Kule juu tulipoipachika, kazi za watu wengine zilifunguka sawa. Ya Nyanya, iliyokuwa ndiyo inaandikwa, jina lake lilikuwepo. Ndani kulikuwa na alama za ajabu, mistari na mistari ya takataka. Hakuna wimbo hata mmoja!

Amoit alifika akihema. Hakupiga kelele. Alitoa kwenye droo flopi, ile diski ndogo bapa, alimokuwa ameweka nakala ya nyimbo, akaiingiza. Ikafungua mchezo wa karata; nakala ilikuwa imefutwa.

Nilikuwa nimemwona Wandera akicheza huo mchezo. Wandera akatazama dari. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kabla mwenye ofisi hajafika, Wandera alinivuta nje.

"Ukisema ukweli tunaenda nyumbani wote wawili. Sema tu hakuhifadhi. Yeye ni msichana, ataolewa, hatateseka. Na kile kiti chake nitakupa wewe. Nitakufundisha kuchapa mwenyewe. Mimi na wewe si ni ndugu?"

Mwenye ofisi akaja akaniuliza mimi, kwa sababu alijua siongei ovyo. "Kijana, huyu dada alihifadhi ama hakuhifadhi?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Hata sauti sikuhitaji.

Amoit alitazama taulo lililokuwa bado mikononi mwangu. "Kaka, hata wewe?" Akachukua mkoba wake akaenda.

Loo! Nilidhani nimenunua urafiki. Kwenye kile kiti Wandera alimweka shemeji yake. Na nilipothubutu kumkumbusha ahadi, alikwenda mwenyewe kwa mwenye ofisi akasema, "Aliyeharibu ile kazi ni huyu. Nilimkanya asichomoe, akanikaidi." Alisema hivyo akinitazama usoni bila kupepesa! Mtu niliyelala kwake! Mtu tuliyekula sahani moja!

Nilitafuta wa kunitetea. Mmoja tu ndiye aliyejua nilivyofundishwa na jinsi siku ile ilivyokuwa, na huyo nilikuwa nimemfukuzisha mwenyewe.

Kabla sijapewa barabara, yaani kufukuzwa kazi, Nyanya alikuwa amerudi kuulizia kitabu. Aliambiwa aimbe tena. Akakaa, akatoa mstari mmoja, akanyamaza. Yule shemeji akagonga meza. "Umemaliza, mama? Haya, endelea, wengine wanangoja."

Nyanya akainuka. "Yule mwingine alijua nikinyamaza sijamaliza," akasema, akashika ukuta hadi nje. Hakurudi.

Nilikaa nyumbani Sigalame na jambo hili likinila. Mwishowe nilipanda baiskeli hadi Chakol. Nilimkuta Amoit anaanika mihogo. Nikamwambia yote, na nadhani sijawahi kuongea maneno mengi hivyo maishani. Alisikiliza huku akigeuza mihogo.

"Wandera alipokuambia uchomoe," akauliza, "ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Ungesema 'bado'. Neno moja tu, kaka. Ungesema bado, mimi nilikuwa njiani narudi."

Nikamuuliza kama Nyanya angekubali kuimba upya, yeye aandike kwa kalamu.

"Nilienda kwake na kalamu," akasema. "Zaidi ya mara moja. Anaanza, anachanganya, anarudi mwanzo, anacheka. Alishajipa ruhusa."

Akaendelea kugeuza mihogo. 

Wandera alinisaliti, na bado nikimwona sokoni nabadilisha njia. Lakini yeye hakuwa na mkono kwenye ile diski. Mkono ulikuwa wangu, na taa niliiona.

Wewe unayesoma, kama ni mnyamavu kama mimi, nakuomba. Usimpe mtu ukimya wako autumie anavyotaka, hata awe anakuita ndugu. Akikuharakisha na wewe unaona kazi haijaisha, sema bado. Sema kwa sauti ndogo, sema ukitetemeka, lakini sema! Mimi hilo 'bado' nimelisema hapa, na hakuna anayelingojea tena.